Kulungu wa Ng'ambo ya Seng'enge

Elroy Wachholz alibisha mlango wa jikoni wa Ardis Nygaard Jumapili saa nne asubuhi, siku ya pili ya msimu wa kuwinda kwa bunduki. Ardis alipomwona kupitia kioo alishika kitasa akakaa nacho mkononi kwa muda kabla ya kufungua. Ilikuwa imepita miaka miwili tangu mtu huyu akanyage baraza yake.

"Shemeji," Elroy alisema. Alikuwa amevua kofia yake ya rangi ya chungwa na ameikunja mikononi. "Habari za asubuhi."

"Nzuri. Una shida gani?"

"Nimempiga kulungu. Jike. Amevuka seng'enge akaingia kwako, kule chini karibu na kijito."

"Umempiga wapi?"

Elroy akatazama viatu vyake. "Tumboni."

Ardis hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa amewinda tangu ana miaka kumi na miwili, na katika nyumba ya baba yake, na baadaye katika nyumba ya mumewe, neno hilo lilisemwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Kulungu aliyepigwa moyoni huanguka kabla hujashusha bunduki. Aliyepigwa tumboni huondoka kwa miguu yake mwenyewe, akalala, akanyanyuka, akalala tena, na huchukua mchana mzima kufa. Pengine na usiku wake.

"Mzee mzima wewe," alisema. "Miaka hamsini unawinda, leo unapiga tumbo kama mtoto wa mjini?"

"Alikuwa anatembea. Nilidhani amesimama."

"Ulidhani."

"Nimekubali, Ardis. Vijembe nipe baadaye, nitavipokea vyote. Sasa hivi naomba ruhusa nikamfuate. Bunduki naiacha kama hutaki niingie nayo."

"Vibao umeviona?"

"Nimeviona. Ndiyo maana nimekuja mlangoni."

Vibao vya kukataza watu kuingia vilikuwa vya njano, arobaini na vinne, vimepigiliwa kwenye miti kuzunguka ekari zote themanini. Ardis alivipigilia mwenyewe. Kabla ya hapo shamba lile halikuwahi kuwa na kibao. Merle, mumewe, na Elroy walikuwa marafiki tangu shule, wakawinda pamoja kwenye kinamasi kile kila Novemba, na mpaka kati ya mashamba yao ulikuwa kitu cha ng'ombe kujua, si cha watu. Kisha Merle akafa mwezi wa saba, moyo ulimsimama akiwa juu ya trekta, nyasi zimekatwa nusu. Novemba ya mwaka uleule Elroy akaja na mkwe wake na rafiki wawili wa huyo mkwe, wakapita kwa Ardis kama walivyozoea kupita, na walipoondoka jioni lango la malisho likabaki wazi. Mitamba kumi na mmoja wakatoka hadi barabara kuu. Lori la maziwa likawavaa. Mmoja alikufa palepale, na wawili walibaki mtaroni na miguu iliyovunjika, wanajaribu kusimama. Ardis, mjane wa miezi minne, alishuka mtaroni na bunduki ya Merle akawamaliza mmoja baada ya mwingine, huku dereva wa lori anatapika upande wa pili.

Elroy alikuja kesho yake na pole. Lakini alisema lango walilifunga. Alilisema hilo mara mbili, akiwa amesimama barazani palepale, na Ardis akamwambia asirudi.

"Basi vibao vinasema kweli," Ardis alimwambia sasa. "Mpigie bwana nyama, yeye ndiye mwenye sheria za uwindaji."

"Nimempigia. Anasema bila ruhusa yako hata yeye hawezi kuniingiza."

"Basi umejibiwa mara mbili."

"Merle angekuwepo—"

"Merle hayupo. Usimfukue aje akubebee nyama."

Elroy alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. Alikuwa na miaka sitini na saba, na baridi ilimfanya aonekane na zaidi. "Sitaki nyama," alisema. "Nyama ile imeshaharibika au inaharibika. Nataka afe, Ardis. Basi nenda wewe. Chukua bunduki uende wewe, mimi nikae hapa barazani kwako. Sitasogea. Nifungie hata na mnyororo."

Hapo ndipo Ardis alipaswa kutikisika, na alitikisika kidogo. Lakini alikuwa amebeba mtaro ule kifuani miaka miwili, na mtu aliyeukana alikuwa mbele yake anaomba.

"Nitaona," alisema, akafunga mlango.

*

Kazi ilikuwepo, hilo lilikuwa kweli. Bomba la maji la banda lilikuwa limeganda, na ng'ombe arobaini na wawili wa maziwa hawangojei ugomvi wa majirani uishe. Ardis alichemsha birika baada ya birika, akamwagia bomba mpaka likaanza kukohoa maji. Alibadilisha matandiko ya ndama. Alirekebisha mlango wa stoo ambao ungeweza kungoja hadi Krismasi. Saa nane mchana kazi ikaisha, naye akakaa mezani na kahawa, akitazama koti lake la kuwindia lililotundikwa nyuma ya mlango. Mfukoni mwa koti lile mlikuwa na kibali chake cha kuwinda cha msimu ule, ambacho hakijatumika.

Alijiambia kwamba kwenda ni kumfagilia Elroy uchafu wake. Alikuwa ameshamfagilia mara moja. Alijiambia kwamba jike yule bila shaka amekwisha kufa. Alijiambia kwamba kinamasi ni kikubwa, na theluji ni ya inchi nne tu, na damu ya tumbo hukauka upesi, kwa hiyo hata angeenda asingemwona. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo Merle angelikubali. Merle alikuwa mtu mpole, lakini kwenye jambo hili hakuwa na mzaha: ulichokijeruhi unakifuata hadi mwisho wa damu, na damu ikiisha unatambaa. Mwaka mmoja alimfuata dume siku mbili, akakosa harusi ya binamu yake.

Saa tisa kunguru walianza kuzunguka juu ya kinamasi. Aliwaona kupitia dirisha la jikoni, akaenda kukaa upande wa pili wa meza.

Jioni alipotoka kwenda kukamua, aliona pikapu ya Elroy ng'ambo ya malisho, upande wa Elroy, imesimama karibu kabisa na seng'enge. Jua lilikuwa limezama. Saa halali za kupiga bunduki zilikuwa zimekwisha. Ardis alisimama na ndoo mbili mikononi. Atakuwa juu ya dungu lake la kuwindia, aliwaza, amekaa na hasira zake. Akaingia bandani, mashine za kukamulia zikaanza kuvuma, na mvumo ule ulimsaidia. Alipotoka pikapu ilikuwa palepale na haikuwa na taa. Elroy hakuwa na mke tena, na binti yake aliishi Minneapolis. Hakukuwa na mtu nyumbani kwake wa kuangalia saa.

Ardis alilijua hilo vizuri. Akaingia ndani akavuta pazia.

*

Jumatatu asubuhi vioo vya pikapu vilikuwa vyeupe kwa barafu, na juu ya boneti theluji nyembamba ya usiku haikuwa imeguswa. Ardis hakunywa hata kahawa. Aliwaachia ng'ombe majani, akavaa koti, akachukua bunduki ya Merle, chupa ya chai na blanketi, akakata malisho karibu mbio.

Kwenye seng'enge alikuta bunduki ya Elroy imeegemezwa kwenye nguzo. Ilikuwa wazi, tupu, na juu ya nguzo risasi tano zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, kila moja na kofia yake ndogo ya theluji. Elroy alikuwa ameingia bila silaha. Alitaka pasiwe na mtu wa kusema kwamba aliingia kuwinda kwenye ardhi ya mwenzake. Kama alikuwa na kitu, ni kisu.

Nyayo zake zilishuka kuelekea kwenye misonobari, na theluji ya usiku ilikuwa imezifunika kidogo tu. Kando yake kulikuwa na nyayo za kulungu, zilizopanuka kama za mnyama mzito. Damu ilikuwa tone hapa, tone pale, nyeusi kuliko inavyopaswa kuwa, na palipokuwa na tone palikuwa na alama ya kiganja cha mtu. Mwanzoni Ardis hakuelewa. Kwenye tone la tano au la sita ndipo alipoona pia mashimo ya magoti. Elroy alikuwa anapiga magoti kila baada ya hatua chache na kupapasa theluji kwa mkono mtupu, kwa sababu macho yake hayakuwa yanaliona tone mpaka aliguse.

Alipita kitanda cha kwanza cha yule jike, shimo la mviringo chini ya mti, na ndani yake uchafu wa kijani na harufu ya tumbo iliyokuwa bado haijaganda. Akapita cha pili. Kutoka cha pili jike alikuwa ametoka kwa kuruka, na nyayo za mtu zikamfuata kwa hatua ndefu, mtu anayejaribu kukimbia. Zikafika kwenye kijito. Katikati ya kijito barafu ilikuwa imevunjika tundu pana kama meza, na tundu lilikuwa limeziba tena kwa barafu mpya, nyembamba, nyeusi.

Ardis aliacha kufuata nyayo. Akaenda mbio hadi kwenye gogo la kuvukia, mita mia mbili juu, akavuka kwa magoti, akarudi chini upande wa pili. Pale palikuwa na alama ya mtu aliyejivuta kutoka majini, kisha mfereji mrefu kwenye theluji, kama gunia limeburutwa.

Elroy alikuwa chini ya msonobari mkubwa. Alikuwa amevunja matawi akajifunika. Ndevu zake zilikuwa barafu tupu, na suruali yake, kuanzia mapajani kushuka, ilikuwa ngumu kama bati. Macho yalikuwa wazi.

"Umemwona?" aliuliza. Sauti ilikuwa mkwaruzo tu.

"Usiongee. Simu yako iko wapi?"

"Imekunywa maji. Umemwona jike?"

"Elroy, nyamaza. Hapa simu haishiki, napanda kilimani niite watu."

"Yuko pale." Alijaribu kuinua mkono, ukamshinda, akaonyesha kwa kidevu. "Nyuma ya ule mti ulioanguka. Hajafa. Mbweha wamemjia mara mbili. Nimepiga kelele mpaka sauti imekwisha. Mara ya pili hawakuondoka haraka."

"Kwanza wewe."

"Kwanza yeye," Elroy alisema. "Nimemsikiliza usiku kucha. Mimi nangoja, yeye asingoje tena. Dakika moja, Ardis. Nakuomba."

Alimfunika kwa blanketi na koti lake mwenyewe, akachukua bunduki. Hatua thelathini tu. Jike alikuwa amelala ubavu nyuma ya mti ulioanguka, na alipomsikia aliinua kichwa. Hakujaribu kusimama, kwa kuwa hakuwa na cha kusimamia. Mbweha walikuwa wameanza kumla kwa nyuma, na alikuwa ameliwa akiwa hai, na alikuwa hai bado. Alimtazama Ardis kwa jicho pana lisilo na hasira wala ombi. Ungefikiri wamekutana njiani.

Ardis alimpiga nyuma ya sikio. Mlio ukaenda juu ya kinamasi ukarudi. Alisimama pale muda kidogo kupita uliohitajika, kisha akapanda kilima kwenda kupiga simu.

*

Waokoaji walisema dakika arobaini. Ardis alirudi, akakaa kwenye theluji nyuma ya Elroy na kumkumbatia mgongoni ili ampe joto la mwili, akamnywesha chai kwa kifuniko cha chupa. Nusu ilimwagika.

"Miguu siisikii," Elroy alisema.

"Watakuja sasa hivi."

"Jana usiku ilikuwa inawaka moto. Sasa hivi hamna kitu."

"Kunywa."

Akanywa. Baada ya muda akasema, "Nina mtoto wa jicho. Yote mawili. Daktari aliniambia mwezi wa nne."

"Na ukapanda dungu na bunduki?"

"Nilipanda."

"Ungeweza kumpiga mtu, Elroy."

"Ningeweza." Alipumua kwa shida. "Niliogopa nikisema, itakuwa ndiyo mwisho. Nikikaa nyumbani Novemba, nakaa na nani?"

Ardis alikuwa anatazama nyayo zake mwenyewe zilizoenda nyuma ya mti ulioanguka na kurudi.

"Na lile lango," Elroy alisema.

"Achana na lango."

"Sikuangalia. Mimi nilitangulia kwenye gari, wao walikuwa nyuma, wanacheka. Nilimwuliza mkwe wangu njiani, 'Umefunga?' Akasema, 'Nadhani.' Nadhani. Nikaja kwako nikakuambia tumefunga, maana binti yangu alikuwa na mimba na sikutaka aingie kwenye ugomvi. Baadaye ikawa siwezi kurudi kusema vingine. Kila nikitaka kuja, naviona vile vibao."

"Jana ulipokuja ungesema."

"Jana nilikuja kwa ajili ya jike. Ningesema la lango ungedhani ninalilipia ruhusa."

Ilikuwa kweli, angedhani hivyo hasa. Ardis alizidi kumkumbatia yule mzee aliyekuwa ananuka maji ya kinamasi, mpaka waliposikia sauti za watu na kelele ya kitanda cha kuburuta kwenye theluji.

*

Bwana nyama wa wilaya, Lindahl, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, alifika nyuma ya waokoaji. Walipokwisha kumwondoa Elroy, alimkagua jike, akapiga picha, akatikisa kichwa. Nyama yote ilikuwa imeharibika. Kisha akatoa daftari.

"Mama, samahani, lazima niulize. Jana mzee alinipigia akasema umemkatalia kuingia. Sasa nimemkuta ndani. Aliingia kwa ruhusa yako?"

Ardis aliitazama ile njia ya kiganja na magoti iliyotoka kwenye msitu. "Nilibadili mawazo," alisema. "Alirudi tena mchana, nikamruhusu."

Lindahl alimwangalia kidogo, akaandika.

Siku mbili zilizofuata, Ardis alikamua, alilisha, alisafisha banda, na jibu lile lilikaa naye kama kitu alichokimeza bila kukitafuna. Majirani walipiga simu kumsifu. Mwanamke mmoja wa kanisani alileta bakuli la viazi na nyama akasema Mungu ndiye aliyemtuma Ardis kinamasini asubuhi ile. Ardis alisema asante. Bakuli hakuligusa, aliwapa paka.

Jumatano, siku moja kabla ya sikukuu ya Shukrani, alikwenda hospitali. Alimkuta Lindahl kando ya kitanda, kofia magotini. Miguu ya Elroy ilikuwa imefungwa bandeji kubwa kama mito. Madaktari walisema watangoja wiki kadhaa waone nyama gani ni hai na ipi imekufa, kisha watakata.

"Afadhali umekuja," Elroy alimwambia. "Huyu kijana ananisomea hadithi hapa. Anasema ulinipa ruhusa."

"Ndiyo," Ardis alisema.

"Lini?"

Lindahl alianza kuinuka. "Mzee, hili halina haja—"

"Kaa chini, mwanangu. Lini, Ardis?"

Ardis aligeuza macho dirishani.

"Andika," Elroy alimwambia Lindahl. "Aliniambia hapana, nami nikaingia. Saa sita mchana, peke yangu, kwa akili zangu. Na andika kwamba nilipiga mnyama nisiyemwona sawasawa, nikijua kwamba sioni. Yote mawili, andika."

"Faini yake si ndogo, mzee. Na leseni utanyang'anywa."

"Leseni ya nini sasa? Hebu nitazame. Andika."

Lindahl aliandika. Alimpa Elroy atie sahihi, akamtakia heri, akamwinamishia Ardis kichwa bila kumtazama machoni, akatoka. Mlango ulipofungwa Elroy aliuliza, kwa upole kabisa, "Ulitaka kunisitiri mimi, au kujisitiri wewe?"

Ardis alivuta kiti, lakini hakukaa. "Niliiona pikapu yako," alisema. "Jumapili jioni, nikienda kukamua. Na nilipomaliza niliiona tena. Nikavuta pazia."

Elroy alitazama dari. Toroli la chakula lilipita koridoni, sahani zikigongana.

"Nilikuwa naona taa ya banda lako," alisema. "Kutoka chini ya ule msonobari. Nilipoiona imezimwa nilijua unaenda kulala. Sikukulaumu. Nilikuwa nimeambiwa hapana."

"Nilaumu."

"Nitakulaumu vipi nami nilimfanya vile yule jike?"

"Mimi pia nilimfanya," Ardis alisema. "Saa nane kazi ilikwisha. Nilikaa tu."

Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba si kitu. Ardis alikaa hadi muuguzi alipokuja na dawa, akaenda zake nyumbani kukamua.

*

Mwezi wa kwanza walimkata Elroy mguu wa kulia chini ya goti, na vidole vyote vya mguu wa kushoto. Binti yake alimchukua Minneapolis. Shamba likauzwa majira ya kuchipua kwa mtu wa Milwaukee ambaye hakuna aliyewahi kumwona ana kwa ana, na kabla ya Juni upande ule nao ulikuwa na vibao vyake, vyeusi na vyekundu, vyenye picha ya kamera kuonya kwamba apitaye anarekodiwa.

Ardis hakuving'oa vya kwake. Lakini Oktoba alizunguka mpaka wote na kopo la rangi, na chini ya kila kibao cha njano akapigilia ubao mdogo alioandika kwa mkono: *Ukijeruhi mnyama akaingia humu, piga namba hii saa yoyote. Tutamfuata pamoja.* Ilimchukua siku tatu. Yeye mwenyewe hakununua kibali cha kuwinda mwaka ule.

Msimu ulipofunguliwa alikaa na simu mezani. Alikwenda nayo bandani, akailaza dirishani alipokuwa anakamua. Siku zote tisa za msimu alisikia bunduki, asubuhi na jioni, za karibu na za mbali. Nyingine moja moja, safi, na nyingine tano mfululizo, za mtu anayemwaga risasi kwa mnyama anayekimbia. Simu ililia mara moja. Alikuwa muuza mbegu.

Aprili, theluji ilipoyeyuka, alishuka kinamasini kuangalia seng'enge, akakuta mizoga miwili. Mmoja ulikuwa umeliwa wote, hakuweza kujua umekufaje. Wa pili ulikuwa dume mwenye pembe nane, amelala karibu na maji, na taya lake la chini lilikuwa limevunjwa kwa risasi. Mbavu zilionekana kupitia ngozi. Hakufa kwa jeraha. Alikufa kwa kushindwa kula, na hilo lilimchukua muda, pengine hadi Januari. Ubao wa karibu wenye namba ya simu ulikuwa umbali wa hatua sitini.

Jioni ile alimpigia Elroy. Walikuwa wanapigiana simu, si mara nyingi; mara moja kwa mwezi, na zaidi waliongea hali ya hewa na bei ya maziwa. Alimweleza la taya.

"Hawakupiga simu," Elroy alisema.

"Hakuna aliyepiga."

"Ubao ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Unasomeka."

Kwa nyuma Ardis alisikia mtoto analia kwenye nyumba ya yule binti, na televisheni, na mtu anafunga kabati.

"Mwaka huu utaziacha zile mbao?" Elroy aliuliza.

"Nitazipaka rangi upya. Ya mwaka jana imeanza kupauka."

"Haya, shemeji," alisema Elroy. "Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Mmoja anazaa wiki hii."

Wakaagana, na Ardis akavaa viatu vyake vya mpira akatoka kwenda kumwangalia.